Chupa Ishirini na Mbili za Mkojo

Karatasi ya maabara ilisema Tumini ni mzima. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, mwanamke wa miaka thelathini na moja aliyepaka gundi kwenye soli za viatu kiwandani kwa miaka minne hakuwa na chembe ya sumu mwilini. Na Tumini mwenyewe alikuwa amelala kwenye godoro nyumbani kwao Mojokerto, wiki ya sita sasa, miguu imekufa ganzi kuanzia vidoleni hadi magotini. Mama yake ndiye aliyembeba kumpeleka chooni.

Sulastin aliisoma karatasi hiyo kwa mara ya kumi akiwa amesimama kwenye kaunta ya maabara mjini Surabaya, Indonesia, asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa mkaguzi wa kazi wa serikali, mwenye mamlaka ya kupeleleza na kufikisha watu mahakamani, na katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameshika karatasi nyingi za uongo. Hii ilimuudhi kuliko zote kwa kuwa haikuwa na doa. Kikao cha kuamua kama maradhi ya Tumini yametokana na kazi kilikuwa Jumatatu. Kikisema hapana, matibabu yanakatwa, na wanawake ishirini na mmoja waliobaki wanaendelea kukaa kwenye chumba kilekile kisicho hata na feni ya kuvuta mvuke wa gundi.

"Umekuja kuniita mwizi tena, Mama Lastin?" Yohanes Kuncoro, msimamizi wa maabara, alitokea kwa ndani akifuta miwani kwa pindo la koti lake jeupe.

"Juzi sikukuita mwizi. Nilikuuliza kama umehongwa."

"Kumbe ile ilikuwa salamu."

"Lete daftari lako, Kaka Yohanes. Lile la kuandika kwa mkono. Hizi karatasi zako za kupendeza nimezichoka."

Alilileta. Sulastin alivuta kiti, akatoa kalamu, akaanza safu ya kwanza. Chupa ishirini na mbili, majina ishirini na mawili. Mstari wa juu, ulionakiliwa kutoka fomu ya kiwanda, ulisema mkojo ulichukuliwa Alhamisi, tarehe ishirini na tatu ya Ramadhani, saa kumi alasiri, mwisho wa zamu. Ndivyo sheria inavyotaka. Mvuke wa gundi ukivutwa puani huingia kwenye damu, mwili unaugeuza, na mabaki yake hutoka kwenye mkojo. Mabaki hayo hurundikana siku baada ya siku, kwa hiyo hupimwa mwisho wa juma na mwisho wa zamu. Ukimpima mtu baada ya mapumziko marefu unapima mapumziko yake.

"Chupa zilifika kwako lini?"

"Baada ya Idi. Siku ya pili tangu tufungue."

"Zaidi ya wiki mbili! Na ukazipokea?"

"Zilikuwa zimeganda kama mawe. Barua ya daktari wao ilisema maabara zote zimefungwa kwa sikukuu, wakaziweka kwenye friza ya zahanati. Hilo linaruhusiwa, Mama. Mkojo ukigandishwa hauharibiki."

Sulastin hakubisha. Hilo alikuwa amelithibitisha mwenyewe siku mbili zilizopita, na friza alikuwa ameiona. Alishuka na kalamu yake hadi kwenye jambo lililomfanya apoteze Jumatano nzima. Fomu ya vipimo ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya heksani, kemikali iliyomo kwenye gundi ya kiwanda kile, na ilionyesha sifuri au karibu na sifuri kwa wote. Ya pili ilikuwa ya tolueni, iliyomo kwenye gundi za aina nyingine, na ilikuwa juu kidogo. Juu kwa wote ishirini na wawili.

"Jana nimeshinda stoo yao nikigeuza mapipa," alisema. "Nilidhani wanaficha gundi ya pili. Mtunza stoo ananicheka, ananiuliza nimepoteza hereni. Sikukuta kitu. Gundi ni moja tu. Sasa hiki cha pili kimetoka wapi?"

Yohanes alikuna shingo. "Kipimo hicho kina kasoro yake. Dawa ya kuhifadhi inayotiwa kwenye sharubati za chupa nayo ikipita mwilini inatoa mabaki yaleyale. Mtu akinywa glasi tatu nne za sharubati, kipimo kinapanda."

"Na hii safu ya pembeni? Umeandika nini hapa, 'mwepesi'?"

"Uzito wa mkojo. Ulikuwa mwepesi mno. Maji matupu. Niliandika irudiwe."

"Kwenye ripoti hakuna."

Mwanamume yule aliangalia miwani yake. "Nilimpigia daktari wao. Akasema weka namba peke yake, maoni hatuyahitaji."

"Na wewe ukatii."

"Mteja akisema..."

"Mteja ni nani, Kaka Yohanes? Aliyelala kwenye godoro au aliyeshika simu?" Sauti ya Sulastin ilipanda hadi mhudumu wa kaunta akageuka. "Ungeandika neno moja tu. Irudiwe! Herufi saba! Wangechukua upya wakati ule Tumini bado anafanya kazi!"

 Sulastin alirudi kwenye daftari, akasoma tena ule mstari wa juu. Ramadhani. Saa kumi alasiri. Mkojo mwepesi. Sharubati. Aliinua kichwa taratibu.

"Kaka, wewe ni Mkristo."

"Tangu kubatizwa."

"Ndiyo maana hukuona. Mimi sijui kilichonipofusha mimi." Alifunga daftari kwa kishindo. "Saa kumi alasiri, mtu aliyefunga tangu alfajiri, kwenye chumba chenye joto kama lile, mkojo wake unakuwaje?"

Yohanes aliivaa miwani yake. "Mzito," alisema. "Kama chai ya rangi."

"Na sharubati anainywa wapi?"

Hapo hata mhudumu wa kaunta alikuwa ameacha kuandika.

"Nipigie nakala ya ukurasa huu, uipige muhuri," Sulastin alisema. "Maoni yako yaonekane. Halafu nipe chupa ishirini na moja mpya na sanduku la barafu. Na Jumamosi usiende kanisani wala mahali popote kabla hujanipa majibu."

"Kanisani ni Jumapili, Mama."

"Basi una bahati."

*

Zahanati ya kiwanda ilinukia mafuta ya kuchua ya kayu putih. Daktari Hendarto Prabawa alimkaribisha kwa mikono miwili na tabasamu la mtu aliyezoea wageni wa serikali. Alihudumia viwanda vitatu, hapa akifika Jumatatu na Alhamisi. Muuguzi Muslikah, mwembamba, mwenye hijabu ya kijani iliyobanwa vizuri chini ya kidevu, alisimama kando ya kabati.

"Nitaanza na dada," Sulastin alisema. "Daktari, tupishe."

"Mama, hapa hatuna siri."

"Vizuri. Basi huna cha kupoteza ukisubiri nje."

Mlango ulipofungwa, Sulastin hakukaa. Aliweka fomu mezani na kidole kwenye saini ya muuguzi.

"Hii ni yako?"

"Yangu, Mama."

"Ulichukua mkojo wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Tarehe ishirini na tatu ya Ramadhani, saa kumi."

"Kama ilivyoandikwa, Mama."

"Wote walikuwa wamefunga?"

"Wote. Isipokuwa watatu waliokuwa kwenye siku zao."

"Umekumbuka hata hilo! Kichwa chako kizuri. Rangi ya mkojo ilikuwaje?"

Muslikah alisita. "Kawaida. Mweupe. Kama maji."

"Wote? Hata wale kumi na tisa waliofunga?"

"Ndiyo."

"Wewe siku hiyo ulikuwa umefunga?"

"Ndiyo, Mama. Sijaacha hata siku moja mwaka huu."

"Ulikwenda msalani alasiri?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Wako ulikuwa mweupe kama maji?"

 Nje, mashine za kushona zilisikika zikikimbia na kusimama. Muslikah alishika ukingo wa meza.

"Dada," Sulastin alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "kila mtu humu ndani amefunga siku thelathini. Wewe, mimi, na huyo aliyeko nje. Na hakuna hata mmoja wenu aliyekumbuka njaa yake alipokuwa anatunga tarehe. Niambie ni siku gani, kabla sijaenda kuwauliza wale wanawake ishirini na mmoja, mmoja baada ya mwingine."

"Siku ya kuombana msamaha," Muslikah alinong'ona.

Siku ya kwanza kazini baada ya Idi. Wafanyakazi wote, kutoka meneja mpaka mfagizi, walipanga mstari uani kupeana mikono na kusameheana makosa ya wazi na ya moyoni. Kulikuwa na ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi, na ndoo nne za sharubati nyekundu ya chupa yenye barafu. Wametoka vijijini kwao, wamepumzika siku kumi na tatu, hawajanusa gundi. Wakala, wakanywa, jua kali, wakanywa tena.

"Daktari akasema wa chumba cha gundi wabaki, tuwapime sukari bure, zawadi ya Idi," Muslikah aliendelea. "Wakafurahi. Wakatia saini. Kesho yake akanipa fomu zimeshajazwa tarehe. Akasema tarehe ni mambo ya ofisi."

"Sukari." Sulastin aliona kwa nini Tumini alimwapia kwamba hajawahi kupimwa gundi maishani mwake. Alikuwa anasema kweli tupu, na mkaguzi wa serikali alikuwa amemtilia shaka kwa sababu ya saini. Aibu ilimpanda, na nyuma yake hasira kubwa zaidi. "Tumini alikuwepo?"

"Alikuwepo. Nilimpa mkono, nikamwambia nisamehe, Dada, wazi na moyoni. Mkono wake ulikuwa hauna nguvu. Daktari alikuwa nyuma yangu. Naye akampa mkono. Naye akamwomba msamaha." Machozi yalimshuka. "Alishaona anavyotembea, Mama. Sote tulishaona."

"Akamsamehe?"

"Akatusamehe. Ni Idi."

Sulastin alichukua karatasi tupu, akaiweka mbele yake. "Andika. Kama ulivyoniambia, na majina. Ukimaliza tia saini, na safari hii tarehe iwe ya kweli."

Daktari Hendarto aliingia, akaona muuguzi anaandika, na tabasamu likapungua nusu. Sulastin alimsomea ukurasa wa daftari la maabara. Alisikiliza mpaka mwisho, akapunga mkono.

"Wafanyakazi wajanja hawa, Mama. Wametia maji ya bomba. Wanaogopa tusije tukakuta wana mimba. Inatokea kila mwaka."

"Na sharubati nayo mnaifungulia bombani?"

"Sijaelewa."

"Utaelewa. Maji ya bomba yangepunguza kila kitu. Hapa kitu kimeongezeka, na kimeongezeka kwa wote. Ni sharubati yenu ya Idi, Daktari. Muuguzi wako anaiandika sasa hivi, ndoo nne."

Daktari alimtazama Muslikah. Muslikah hakuinua kichwa, na kalamu haikusimama. Alipogeuka tena kwa Sulastin, yule bwana alikuwa ametulia.

"Haya. Tuseme tulikosea tarehe. Kosa la ofisi. Kwani tatizo nini? Mpimeni Tumini tena. Leo hii. Mimi nitagharimia."

Sulastin alimwelewa papo hapo. Tumini alikuwa hajagusa gundi, hii ikiwa wiki ya sita. Sumu ile haikai. Siku nne tano za mapumziko na mkojo umeshasafika, ikaachwa mishipa ya fahamu iliyokufa, ambayo daktari yeyote wa kulipwa anaweza kusema imekufa kwa sababu nyingine. Ushahidi wa Tumini ulikuwa kwenye kibofu chake Alhamisi ile ya Ramadhani, na mtu huyu aliuacha umwagike chooni kwa makusudi, halafu akamshika mkono.

"Wewe ni mbwa," alisema.

"Mama, lugha."

"Andika kwenye malalamiko yako. Jina langu unalijua." Alitoa hati ya kuzuia vielelezo, akachukua fomu, muhuri na ufunguo wa kabati. "Tumini sitampima. Nitapima kiti chake."

Daktari alicheka kidogo. "Kiwanda utakilazimisha, sawa. Mtu huwezi kumlazimisha kutoa mkojo. Na wale wanajua, atakayekutwa na sumu anaondolewa kwenye gundi, na kwingine nafasi hazipo. Waombe tu."

*

Daktari alikuwa sahihi kwenye hilo, na meneja alihakikisha wanawake wanalisikia kupitia kipaza sauti, mara mbili, saa tisa na saa tisa na nusu. Hakutisha mtu. Alisema tu kwamba kupimwa ni hiari na kwamba kiwanda kinawatakia afya njema.

Saa kumi zamu ilipoisha Sulastin alikuwa ameshapanga meza yake ng'ambo ya ua, mbele ya vyoo, chini ya kibanda cha bati. Sanduku la barafu lilikuwa miguuni pake na chupa zilikuwa mezani, bila majina. Wanawake wa gundi walitoka hadi mlangoni, wakasimama hapo kwenye kivuli. Kati yao na meza palikuwa na hatua thelathini za saruji iliyopigwa na jua tangu asubuhi.

"Sitawadanganya," alipaza sauti. "Safari ile mliambiwa ni sukari. Haikuwa sukari. Ilikuwa ni kumwandikia Tumini kwamba hana kitu. Mkojo wake wa sasa hauwezi kumsaidia tena. Wenu unaweza. Mkitoa leo, kabla hamjaenda nyumbani, Jumatatu naingia nao kwenye kikao. Msipotoa, sina kitu. Na kazi zenu sina uwezo wa kuwahakikishia. Nitapigana, lakini sina uwezo wa kuwahakikishia."

"Wewe utapigana, sisi tutakula nini?" mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Hilo sina jibu lake, dada."

"Angalau hajatuletea sharubati," mwingine akasema, na wachache wakacheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

Robo saa ilipita. Hakuna aliyevuka. Daktari Hendarto alikuwa kwenye dirisha la zahanati, mikono mfukoni. Wawili walishachukua mikoba yao wakaelekea getini, wakasimama njiani, wakawatazama wenzao.

Kisha mwanamke mnene mfupi, mwenye madoa ya gundi kavu hadi viwikoni, aliwapenya waliokuwa mlangoni akaanza kuja. Alitembea kwa kuinua magoti juu kuliko ilivyo lazima na kuutupa mguu mbele.

"Darsini," alisema alipofika. "Mimi ndiye niliyewekwa kwenye kiti cha Tumini, pale kwenye pipa. Nina mwaka wa tatu gundini. Nipe hiyo chupa, Mama, kabla sijabadili mawazo."

Aliingia chooni, akatoka na chupa yenye joto mkononi. Sulastin aliandika jina, saa na tarehe mbele yake, akamgeuzia asome mwenyewe kabla ya kutia saini. Darsini aliinama kusaini. Hapo ndipo Sulastin alipotazama chini.

"Dada Darsini. Ndala yako ya kushoto iko wapi?"

"Nimeivaa."

"Hujaivaa."

Darsini aliangalia mguu wake. Ulikuwa mtupu, nje ya kivuli cha bati, umekanyaga saruji iliyokuwa ikichoma hata kwa kuiangalia. Aligeuka. Ndala ilikuwa katikati ya ua, mahali ilipomchomoka mguuni alipokuwa anakuja. Alikuwa ameuvuka ua nusu nzima bila hiyo, ameingia chooni na kutoka, amesimama hapo muda wote huo.

"Mbona sikusikia?" aliuliza. Aliinua mguu akaubonyeza wayo kwa kidole, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. "Mama, mbona sikusikia?"

Sulastin alimshika mkono, akamvuta kivulini, akamkalisha kwenye kiti chake. 

Pale mlangoni hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wameitazama ndala ile, kisha mguu ule, na sasa kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe. Mwanamke mmoja alivua ndala zake zote mbili, akatoka kwenye kivuli, akakanyaga saruji, akasubiri imchome. Alisubiri kwa muda mrefu. Kisha akavuka ua, peku, akaja kuchukua chupa, na wengine wakamfuata.